Nyumba Hii Hamna Boi

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira hunipanda upya, ingawa kichwa kizima kimeshakuwa mvi. Leo nimeikumbuka kwa sababu yako. Asubuhi nimekusikia ukumbini ukimwita Mzee Makame, anayekuchotea maji, "We boi, njoo!" Nilinyamaza nisikuaibishe mbele ya rafiki zako. Sasa wamekwenda. Kaa, unisikilize.

Miaka ya hamsini nilikuwa kijana asiyetulia. Skuli niliiacha mapema. Nilipakia karafuu bandarini, nikauza samli Mlandege, kote nikachoka. Mwisho nikapata kazi ya kuhudumu mezani katika hoteli moja ya Wazungu, Shangani. Kazi yenyewe sikuipenda, nilipenda kusikiliza. Kila neno la Kiingereza lililopita juu ya sahani nililidaka, na hakuna lililonisumbua kama hilo boi.

Meneja wetu alikuwa Mwingereza, umri wake kama wangu. Mwanawe mdogo akianguka, alimnyanyua na kumbembeleza kwa neno hilo. Jioni wageni wake, watu wazima wenye vipara, waliitana hivyo hivyo, wakicheka na kupigana mabega. Siku meneja alipotafuna pilipili nzima kwenye pilau, lilimtoka peke yake, kama sisi tunavyosema "Lahaula!" Kisha aligeukia jikoni na kumwita kwa neno hilo hilo Mzee Haji, mpishi wetu, mtu wa Makunduchi mwenye ndevu nyeupe na wajukuu. Hapo hapakuwa na kubembeleza wala kucheka.

Nikamuuliza mgeni mmoja, bibi wa Kiingereza aliyewahi kusomesha kwao, neno hili limetoka wapi. Hakunificha. Alisema asili yake haijulikani kwa yakini, lakini zamani sana, kabla halijawa neno la mtoto wa kiume, lilikuwa na maana ya mtumishi, mtu duni. Wapo wataalamu wao waliodhani limetokana na neno la Kifaransa la mtu aliyetiwa pingu, wengine hawakubali.

"Pingu?" nikamuuliza.

"Pingu," akasema, akainamisha macho kwenye chai yake.

Fikiri, mwanangu. Kutoka hoteli ile mpaka Mkunazini, palipokuwa na soko la kuuzia watu, ni mwendo wa kuvuta sigara moja.

Ijumaa moja Mzee Haji aliomba ruhusa, akapewa. Siku hiyo washenga walikuwa wanakuja kumposa Mwanaidi, binti yake wa mwisho. Upande wa mume walikuwa watu wa kuchagua sana, na Mzee Haji wiki nzima alikuwa hana raha, akiogopa wasije wakaona kwake pamepungua. Baada ya sala, meneja akapata wageni wa ghafla kutoka melini. Ruhusa ikafutwa hapo hapo. Akaniamrisha nimpeleke kwa mpishi, Kikwajuni.

Tulikuta washenga wawili wamekaa barazani, kanzu zao zimepigwa pasi, na Mzee Haji kavaa koti na kofia mpya, anawamiminia kahawa. Kabla sijafungua mdomo kupiga hodi, meneja akasimama katikati ya njia akapaza sauti:

"Boi!"

Unaijua desturi yetu. Mtu mzima akiitwa huitika "Naam", na asipoitika ametoa tusi. Lakini ukishaitika, umekubali kwamba aliyeitwa ni wewe. Washenga wakamgeukia Mzee Haji. Mimi nikatazama chini. Yeye akamaliza kumimina kikombe, akampa mgeni wake kwa mikono miwili.

"Boi!"

"Shikamoo, Mzee Haji," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nani huyo anayenipigia kelele mlangoni?"

"Meneja. Anakutaka kazini sasa hivi."

"Na alikuwa anamwita nani?"

Akalishika tena dele la kahawa.

"Basi mwambie nyumba hii hamna boi. Yupo baba yake Mwanaidi. Mwambie pia hapa watu hupiga hodi. Akipiga hodi, kahawa yake ipo."

Nikafasiri yote, sikupunguza. Meneja akawa mwekundu mpaka masikioni. Ati neno halina ubaya! Ati kwao hata marafiki huitana hivyo!

"Basi na yeye akuite wewe hivyo?" nikamuuliza.

Akanitazama kana kwamba nimemtemea mate. Akasema mpishi asipokuja sasa asije tena, na mimi nisimfuate nyuma, kazi yangu pia imekwisha.

"Kasemaje?" akauliza Mzee Haji. Nikamwambia. Akaliweka dele chini. "Haya. Kwa heri yake."

Meneja akaenda zake. Mshenga mkubwa akakohoa. "Haji, umejitia hasarani kwa ajili yetu."

"Si kwa ajili yenu. Nnamuoza binti yangu. Siozi binti wa boi."

Mshenga akatazama kikombe chake, mara akacheka. "Yakhe, umetuonyesha nyumba kabla hatujaiuliza. Hebu tuongeze kahawa, tuseme tulilolijia."

Posa ikapita. Lakini usiniambie mambo yaliisha vizuri! Mtu aliyepikia wakubwa wa serikali na matajiri alimaliza umri wake akikaanga mihogo Darajani, miguu imevimba, kwa sababu alikataa kuitika mara moja tu. Hilo sijalisamehe, wala sitaki kulisamehe.

Na kuna linaloniuma zaidi. Wazungu wale wamekwenda. Neno lao tumelishika sisi, tena kwa furaha, tunawarushia wazee wetu wenyewe. Meneja yule hakulelewa na Mzee Haji. Wewe Mzee Makame alikubeba mgongoni siku ya kutahiriwa kwako. Udhuru wako nini?

Basi shika haya. Neno likikujia kutoka kwa watu wengine, usilipokee kwa kuwa linapendeza mdomoni. Uliza limetoka wapi, na limewafanyia nini watu waliolibeba. Usimwite mtu mzima kwa neno usilotaka baba yako aitwe mbele ya wakwe. Na wewe ukiitwa kwa la kukushusha, nyamaza, umimine kahawa yako, hata ikikugharimu chakula cha kesho.

Sasa inuka. Mzee Makame yuko uani. Anza na Shikamoo, ndipo umtake radhi, na hiyo ndoo ya maji uichukue wewe.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na uzee wenye heshima. Na siku utakayoitwa mlangoni kwako, uitwe kwa jina lako, uitike "Naam" bila kuinamisha kichwa. Amin.