Chupa ya Akiba ya Wifi

Wifi yangu analea viumbe wasioonekana kwa macho. Mtaani wanamwita Mama Wadudu. Maabarani kwao kumejaa chupa za maji ya bwawa na punje za ngano zinazooza. Bakteria wanakula ngano, paramesia wanakula bakteria, halafu yuko mnene mmoja anayewameza paramesia wazimawazima. Huyo wifi kambatiza Pipa. Mtafiti wao anachunguza nani humaliza nani, na kwa kasi gani.

Sheria yao ya kulisha ni moja: anza na chupa za wanaoliwa, malizia za Pipa, usirudi nyuma. Lakini wifi ana ugonjwa wa kusahau. Ukimwagiza kitu dukani, hesabu umekikosa. Majuzi, akishamlisha Pipa, alirudi nyuma. Aliiona chupa mama ya paramesia imepungua, akaiongezea maji kwa pipeti ileile iliyotoka kwenye chupa ya Pipa.

Leo asubuhi maji ya chupa mama yalikuwa meupe pe. Akachungulia kwenye hadubini: akina Pipa tu, paramesia hakuna hata mmoja. Majaribio yote yalitegemea uzao ule. Ukipotea, kazi ya mtafiti inaanza upya, na kibarua cha wifi kimeota nyasi. Ndipo akakumbuka chupa ya akiba ya paramesia aliyoiweka dirishani jikoni kwetu, ile niliyokuwa nikimcheka nayo.

Aliingia na viatu, roho mkononi. Chupa ilikuwa pale pale, inang'aa.

"Maji yako yalikuwa yanavunda, mwanangu," mama yangu akamwambia, amefurahi. "Nimekusuuzia chupa, nikakuwekea mengine."

Wifi akakaa sakafuni. Niliogopa, maana uso ule nimeuona kwa waliofiwa tu.

"Uliyamwaga wapi, mama?"

"Ndoo ya deki. Maji mimi situpi."

Ndoo ilikuwa karibu na mlango, ina maji kidogo ya rangi ya chai. Wifi aliitazama bila kuisogelea.

"Umeshatia sabuni?" Sabuni huwaua wadudu wake.

Mama akakunja uso. "Sabuni ipi? Si ile niliyokuagiza tangu juzi? Na leo tena umekuja mikono mitupu! Nideki na nini?"

Wifi akaikumbatia ndoo, akalia kwa sauti. Mama akanigeukia.

"Kwani nimemsema vibaya?"