Walio Tayari ni Wangapi?

Ndugu zangu, nawaandikia uso ukiwa bado unaniwaka. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii, mgeni kazini. Juzi nilitoka Njombe nimechelewa, nikienda kuandikisha kikundi cha wanawake wafugaji katika kijiji kimoja karibu na Makambako. Niliambiwa wananisubiri nyumbani kwa mwenyekiti wao. Nilipoona ua umejaa akina mama wenye vitenge vipya, nikaruka kutoka kwenye bodaboda bila kuuliza.

"Shikamooni. Samahani, nimewaweka sana."

"Marahaba, karibu," akajibu mzee mwenye nyumba. "Tulishaanza kuwa na wasiwasi."

Nikapewa kiti cha mbele na soda. Sikuigusa, maana kila dakika nilikuwa natazama saa. Nikafungua daftari.

"Niende moja kwa moja kwenye shughuli. Walio tayari ni wangapi?"

Mzee akatazamana na mkewe. "Aliye tayari ni mmoja."

"Mmoja hatoshi, mzee wangu. Sisi tunaanzia kumi. Hata wajane na wenye umri mkubwa tunawachukua."

Mzee akasimama.

"Kijana, nimezaa binti mmoja! Hao tisa niwatoe wapi?"

Kabla sijajibu, gari likasimama nje, akashuka bwana mwenye suti huku akijipangusa vumbi.

"Hodi wenyewe! Mtusamehe kwa kuchelewa. Mimi ndiye mshenga, tumekuja kumposa Neema."

Macho yote yakanigeukia.

"Sasa wewe," mzee akauliza taratibu, "ni nani?"