Giaboksi Imepasuka, na Mama Ananisubiri

Jamani, leo nimeua gari letu kwa mikono yangu mwenyewe.

Nilikuwa hapa nyumbani Manundu, nabadilisha oili ya giaboksi. Kurudisha bolti ya chini ya kumwagia oili, inazunguka tu, haikazi. Thredi, zile njia za kushikia bolti, zimeisha.

Nikaazima tepu, kile chuma cha kuchongea thredi, kwa fundi jirani, nikachonga thredi mpya, nikaweka bolti nene zaidi. Ikaanza kukaza. Nilifurahi mno!

Mke wangu akasema, "Baba Neema, inatosha hapo."

Nikaongeza kidogo.

Nikasikia ka! Giaboksi imepasuka.

Na kesho nilikuwa nimfuate mama yangu kijijini Dindira, nimlete hospitali.

Nikampigia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeshafungasha, nakusubiri."

Nikajibu, "Sawa mama," nikakata simu.

Sawa nini sasa? Nyie mngemwambiaje?