Ngumi ya Kapteni

Kaka yangu ni fundi makochi, na meno yake ya mbele aliyamaliza mwenyewe. Misumari midogo ya kupigilia kitambaa alikuwa akiibana mdomoni, anachomoa mmoja mmoja huku mkono mwingine umeshika nyundo. Wifi yangu alimwambia miaka yote, "Baba, tafuta hata kikopo." Yeye anacheka tu, misumari ikiwa palepale.

Mdomo huohuo ndio uliopuliza tarumbeta kwenye bendi ya kanisa letu tangu ujana wake. Akaja kuwa kiongozi, wakamwita Kapteni. Wimbo ukifika mwisho anainua ngumi juu, na bendi yote inakata pamoja. Hata nyumbani, wajukuu wakizidisha kelele, aliikunja ngumi akaiinua, nao wakanyamaza huku wakicheka.

Miaka ya karibuni alichoka. Nyimbo zilezile, mwendo uleule wa kusindikiza wafu makaburini. "Mdogo wangu," aliniambia, "hii tarumbeta nimeimaliza. Humo ndani hakuna kilichobaki." Nikamwambia kumsifu Mungu hakumaliziki. Akasema, "Mungu sijamsema. Nimesema tarumbeta."

Meno mawili ya mbele yalipoanza kucheza, nilimsindikiza kwa daktari. Alikuwa binti mmoja mpole. Akampima, akamwambia meno yanaweza kuokolewa, ila itabidi arudi mara nyingi na awe mvumilivu.

"Ng'oa tu, mama," kaka akasema. "Mimi na tarumbeta tumeshamalizana."

"Una hakika, mzee? Yakitoka hayarudi."

"Kwani nimefunga nayo ndoa?"

Daktari akacheka, akamchoma sindano ya ganzi. "Ukisikia maumivu inua mkono," akamwambia. Kisha akafungulia muziki kwenye simu yake, maana wagonjwa hawapendi kusikia milio ya vile vyuma.

Zilikuwa tarumbeta. Nyingi, lakini hazikwenda mguu sawa kama zetu. Zilikuwa zikikimbizana, moja inauliza, nyingine zinajibu kabla swali halijaisha, na chini yake ngoma zinachemka. Nilikaa pembeni na koti la kaka mapajani, nikajikuta kisigino changu kinagonga sakafu, nikakituliza. Kaka alikuwa amefumbua macho. Vidole vitatu vya mkono wake wa kulia vilikuwa vinabonyeza mkono wa kiti, kimoja kimoja, vikiutafuta wimbo.

Koleo lilipokaribia, akainua mkono juu. Akakunja ngumi.

Daktari akasita. "Unaumia, mzee?"

Akatikisa kichwa kukataa. Na kweli, hakuwa anaumia. Alichotaka ni daktari akomeshe kazi, amwachie meno yake, lakini ulimi ulikuwa mzito na maneno hayakutoka. Daktari akaona ni mtu anayejikaza. Mimi pia niliona hivyo.

"Pole, tunamaliza sasa hivi," akasema. Jino likatoka, na la pili likafuata.

Kaka, pamba mdomoni, akanyoosha kidole kwenye simu. Daktari akafurahi kuulizwa. Akatuambia ule ulikuwa wimbo wa Kuba, akatusikilizisha na nyingine: bendi za harusi za Serbia, zinazopuliza utadhani zinafukuzwa, na wapulizaji wa Kolombia, walionifanya hata mie mtu wa sala nitabasamu. Akatuonyesha pia watu wanacheza barabarani nyuma ya matarumbeta.

"Sherehe gani hiyo?" nikauliza.

"Hao wametoka kuzika, mama."

Kaka akainamisha kichwa, hakutazama tena.

Nyumbani, ganzi ilipomtoka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nilimwambia aache."

"Ulimwambia saa ngapi?" wifi akauliza.

Akaikunja ngumi, akaiinua. Nikakaa chini, maana ile ngumi nimeiona Jumapili zote za maisha yangu.

Meno ya bandia yalipokuwa tayari alijaribu kupuliza. Yaliteleza, pumzi ikatokea pembeni, sauti ikawa ya birika. Daktari alisema wapo wanaozoea.

"Jaribu polepole, baba," wifi akamwambia.

"Polepole ndiyo hii."

Hakuzoea. Bendi ina kiongozi mwingine sasa, na kaka hukaa benchi la nyuma. Namwombea, ila sijui niombe nini hasa, kwa sababu meno amekwisha kuyasamehe. Linalomtafuna ni lile neno lake mwenyewe, kwamba amemaliza.

Jumamosi iliyopita nilimpelekea chai karakanani. Alikuwa amekaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, simu ikiimba ule wimbo wa Kuba, tarumbeta imelala mapajani. Hakuipeleka mdomoni. Vidole vilikuwa vinabonyeza, navyo havikukosea hata mahali pamoja. Alipoona imetosha akainua ngumi.

Simu haikumjua. Iliendelea kuimba.