Ba Jilali Hajibu Siku ya Kwanza

Nianze kwa kusema kwamba nina hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mimi ni Mahjouba, fundi cherehani, nashona kaftani za maharusi katika mji mkongwe wa Salé, na kwa miaka thelathini na mmoja nimepeleka mikate yangu kwenye tanuri la Ba Jilali. Wakisema nampendelea, waseme. Asiyempendelea hajala mkate uliopita mikononi mwake.

Mtaani kwetu kila nyumba hukanda unga wake, huupanga juu ya ubao, huufunika kwa kitambaa na kuupeleka tanurini ukachomwe. Mbao hazifanani wala vitambaa havifanani, na Ba Jilali huvijua vyote bila kuandika popote. Amesimama pale chini, ngazi nne kutoka barabarani, na sepetu lake refu la mbao, tangu alipokuwa na miaka kumi na saba. Anajua nani amechanganya shayiri kwa sababu ngano imepanda. Anajua nani ana wageni, nani amefiwa, nani amegombana na mkwewe mpaka kila mmoja akawa na ubao wake. Hajaoa wala hajazaa. Tunamwita Ba, yaani baba, kwa heshima tu.

Ndiyo maana watu humwendea kuuliza habari za wenzao. Mwenye kutaka kuposa, mwenye duka anayetafuta mtu wa kuachiwa funguo, mama anayetafuta yaya, wote wameshuka ngazi zile nne. Lakini mzee ana utaratibu wake. Siku ya kwanza hajibu. Atakukatia kipande cha mkate wa moto na kukuambia, "Kesho, inshallah." Ukirudi kesho, atakuuliza wewe: wewe ni nani, unamtakia nini huyo mtu, chumba atakacholala kina dirisha? Jioni ya siku ile ya kwanza huwa ameshamwita yule anayeulizwa na kumwambia kuna mtu amekuja. Siku ya tatu ndipo anasema, akikutazama machoni, na akishasema, huhitaji kwenda kuuliza pengine.

Utaratibu huo aliupata kwa machungu. Alipokuwa na miaka ishirini alikuja bwana mmoja kumuulizia kijana aitwaye Lahcen, aliyeomba kazi kiwanda cha vigae. Jilali wa siku zile alikuwa mtu wa mzaha. Akacheka, akasema, "Lahcen? Mwizi mkubwa huyo!" Wizi wote wa Lahcen ulikuwa kubandua ukingo wa mikate ya watu akiwa njiani kuirudisha nyumbani kwao. Yule bwana hakucheka. Alishukuru, akaenda zake, na Lahcen akakosa kazi. Akaenda machimbo ya makaa huko mashariki, vumbi likamla mapafu, akafa hajafika miaka arobaini. Ba Jilali alinisimulia habari hiyo mara moja tu, akiwa amenipa mgongo, anapanga kuni. Tangu hapo hajamjibu mtu siku ya kwanza, hata kama ni kwa kumsifu.

Sasa nije kwa Zhor. Zhor ni mpishi. Ameachika, ana mabinti wawili, na kwa miaka kumi na minne alipika kwa jaji mmoja mstaafu na mkewe, mpaka wote wawili wakafariki na watoto wao wakahamia Kanada. Mwaka jana hospitali mpya ya binafsi, upande ule wa mji wenye maghorofa, ilitafuta mpishi wa wagonjwa. Zhor alikwenda, akapewa jiko, akapika. Mkuu wa jikoni alionja supu yake akasema, "Dada, ulikuwa wapi siku zote?" Cheti cha tabia njema alikuwa nacho, safi. Kilichobaki, walimwambia, ni upekuzi. Siku hizi hospitali haimpekui mtu yenyewe. Imeikabidhi kazi hiyo kampuni moja ya Rabat, na kampuni imeikabidhi mashine. Zhor alitakiwa kujaza majina ya watu wawili wa kumdhamini, pamoja na namba zao za simu.

Wa kwanza alimweka binti wa jaji, huko Kanada. Wa pili hakujua amweke nani, akaja kwangu kuniuliza.

"Unauliza nini nawe?" nikamwambia. "Mweke Ba Jilali. Salé nzima inamsadiki."

Ni mimi niliyesema hivyo. Nimeshalia kwa neno hilo, silii tena.

Simu ilikuja Jumatatu saa mbili asubuhi. Nilikuwepo, nimeshika ubao wangu. Ba Jilali mikono ilikuwa na unga, akaniomba nimbonyezee ile ya sauti kubwa.

"Asalaam aleikum," ikasema sauti laini ya kike. "Mimi ni Nur, kutoka huduma ya uhakiki wa wafanyakazi. Je, naongea na Bwana Jilali? Sema ndiyo au hapana."

"Waaleikum salaam, binti yangu. Ndiyo, ni mimi. Karibu. Nur wa nani? Kwenu wapi?"

"Samahani, sijakuelewa. Je, unamfahamu Bi Zhor kwa zaidi ya miaka mitano?"

"Ndiyo! Zhor namjua tangu yuko mgongoni kwa mamake. Ila wewe ndiye sikujui."

"Je, unamthibitisha Bi Zhor kuwa mwaminifu kazini?"

"Kesho, inshallah."

"Samahani, sijakuelewa. Sema ndiyo au hapana."

"Mbona una haraka, mwanangu, umeacha chungu motoni? Njoo kesho. Panda tramu, shuka Bab Lamrissa, uliza tanuri la Jilali, yeyote atakuonyesha. Utakunywa chai, tutazungumza."

"Samahani, sijakuelewa. Asante kwa muda wako. Kwaheri."

Ba Jilali akatikisa kichwa. "Binti ana adabu," akasema, "lakini hasikii vizuri, maskini." Mimi nikacheka. Wallahi nilicheka, kwa sababu nami nilidhani ni msichana aliyekaa ofisini na karatasi mbele yake.

Jioni ile alimwita Zhor, akamwambia, "Kuna mtu amekuja." Zhor aliposikia hivyo alimbusu mzee bega, maana sote tunajua mtu akishafika kwa Ba Jilali kinachobaki ni siku mbili tu. Jumanne mzee akafagia ngazi, akafuta benchi, akaweka kando mkate wenye anisi kwa ajili ya mgeni. Mgeni hakuja. Mchana mkate ule aliula peke yake, umeshakauka.

Jumatano asubuhi Zhor aliingia kwangu na simu mkononi, akanipa. Nikasoma. Mdhamini wa kwanza: hapatikani. Mdhamini wa pili: amekataa kuthibitisha uaminifu. Daraja: rangi ya machungwa. Haipendekezwi kuajiriwa.

Amekataa! Ba Jilali, aliyewasemea nusu ya watu wenye kazi mjini humu! Nikashuka tanurini na simu ile, nikamsomea. Aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaweka sepetu ukutani.

"Leo siku ya ngapi tangu walipopiga?" akaniuliza.

"Ya tatu."

"Basi sijachelewa," akasema, akavua aproni.

Alifunga tanuri asubuhi kweupe, jambo ambalo sijawahi kuliona, mbao kumi na tisa zikiwa zimepangwa zinangoja. Unga wa watu uliumuka, ukafurika, ukabonyea. Wake za watu walipiga kelele nje ya mlango huku sisi tumo kwenye tramu tunavuka mto. Njia nzima mzee alikuwa akisogeza midomo, anapanga atakayosema.

Ofisi ya Rabat ilikuwa na viti vyeupe na mwanamke kijana mmoja nyuma ya meza, kibandiko chake kimeandikwa Ghita. Nilitegemea kumkuta mtu mbaya. Hakuwa mbaya, na hilo liliniudhi zaidi.

"Nimekuja kumsemea Zhor," akasema Ba Jilali.

"Una miadi, hajj?"

"Mlinipigia Jumatatu, nikasema kesho. Hamkuja. Basi nimekuja mimi."

Ghita akatafuta kwenye kompyuta yake. "Faili limefungwa leo saa mbili, hajj. Baada ya simu mnapewa saa arobaini na nane."

"Lifungue."

"Halifunguki. Mfumo ndio unaofunga."

"Mwenye mfumo nani? Mwite."

"Mfumo si mtu, hajj."

"Na yule Nur? Niitie Nur, yeye ananijua."

Ghita akainamisha macho. "Nur naye si mtu."

Mzee aliitazama ile kompyuta. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nilimwambia apande tramu."

Hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Nikapiga meza. "Nyinyi mna haya kweli? Mtu mzima mnampigia kwa sauti ya kudanganya, inatoa salamu kama binti wa watu, kumbe hakuna mtu! Mwenzenu anaikaribisha chai, nyinyi mnaandika amekataa! Mama wa watoto wawili anakoseshwa riziki kwa sababu mzee kawa na adabu!"

"Mama, usinipigie kelele," akasema Ghita. "Nami niliingizwa hapa na mfumo huohuo. Sina pa kugusa."

Lakini Ba Jilali alikuwa amekuja kusema, na alisema. Alisimama wima, akamtazama usoni kama anavyowatazama wote siku ya tatu.

"Mke wa jaji alipozeeka meno yalimtoka," akasema. "Zhor akaanza kuniletea mikate miwili midogo pembeni mwa ubao, akaniomba niitoe mapema kabla ukingo haujakauka, na akawa anangoja hapohapo mlangoni ili aipeleke ikiwa ya moto. Miaka sita, kila siku. Hakuna aliyemwagiza. Bibi mwenyewe mwisho alikuwa hamjui hata jina lake. Mtu huyo ndiye ninayemsemea. Mpeni wagonjwa wenu awapikie."

Ghita vidole vilikuwa juu ya vibonyezo, havijabonyeza kitu. Macho yalikuwa yamemlowa.

"Hajj," akasema, "hakuna mahali pa kuandika hilo."

Tukarudi. Hospitali ikachukua mtu mwingine. Zhor akaomba kazi hotelini, akaomba shuleni, na kote rangi ile ya machungwa ilikuwa imemtangulia, maana wote wananunua ripoti zao kwa kampuni ileile. Akaandika malalamiko mtandaoni, akajibiwa na Nur. Sasa anachoma msemen pembezoni mwa soko, chapati zake za tabaka ndizo nzuri kuliko zote Salé, na jua linampiga mpaka saa tisa. Hajamtupia Ba Jilali neno hata moja. Ubao wake bado anauleta. Anauweka, anasalimu, anaondoka, na mzee humwangalia mpaka amalize ngazi zote nne.

Hadithi ingeishia hapo ningenyamaza. Haikuishia hapo.

Kuna kijana wa mtaani kwetu anaitwa Bouazza. Miaka mitatu iliyopita alifungua mabomba yote ya shaba ya bafu la mtaa akayauza, wanawake tukabaki na sabuni kichwani. Kwa ajili ya mamake hatukupeleka jambo polisi, na kwa hiyo cheti chake cha tabia njema ni safi kuliko changu. Mwezi uliopita Bouazza akaomba kazi, na kwenye fomu akaweka namba ya Ba Jilali bila hata kumwambia.

Simu ilipolia nilikuwepo tena. "Asalaam aleikum, mimi ni Nur," ikaanza.

"Ndiyo," akasema Ba Jilali.

"Je, unamfahamu Bwana Bouazza kwa zaidi ya miaka mitano?"

"Ndiyo."

"Je, unamthibitisha kuwa mwaminifu kazini?"

"Ndiyo."

"Je, unaweza kumkabidhi funguo za mahali pa kazi?"

"Ndiyo," akasema, huku anasukuma sepetu ndani ya moto, hakugeuka.

"Asante, Bwana Jilali. Wewe ni mdhamini wa kuaminika."

Bouazza alipewa rangi ya kijani. Leo ndiye anayeshika funguo za ghala la chakula, na hospitali ni ileile iliyomkataa Zhor.

Siku ile niliweka ubao wangu chini. "Ba Jilali," nikamwambia, "mimi si mashine. Nakuuliza mimi Mahjouba: Bouazza ni mtu wa namna gani?"

Akanikatia kipande cha mkate wa moto. "Kesho, inshallah."

Nilirudi kesho yake. Aliniuliza kwa nini nataka kujua, nikamjibu. Nikarudi tena siku ya tatu. Akanifungulia kitambaa, nikaona mikate yangu imeungua ukingo, mara ya kwanza kwa miaka thelathini na mmoja. Kisha akanitazama machoni.

"Bouazza ni mwizi, Lalla Mahjouba," akasema. "Na mimi, kwa kuogopa kumkosesha mtu wa tatu riziki, nimekuwa mwongo. Akija mtu kuniulizia mimi, mwambie hivyo, usimfiche."