Seva Iliyorudishwa Hadi Mwezi Uliopita

Jumatatu nilifuata cheti cha kifo cha mke wangu, aliyefariki wiki mbili nyuma, katika ofisi moja ya Bagamoyo. Mfumo ulikuwa hauwaki. Fundi alieleza kwamba seva yao, inayotunza kumbukumbu zote, ni ya kufikirika, imo ndani ya kompyuta nyingine, na kerneli mpya ya Linux, yaani kiini cha programu inayoiendesha, haioni diski.

"Ya kufikirika, halafu imeharibika?" karani aliguna.

"Dada, tuwashe kwa kerneli ya zamani."

"Waraka tulioletewa umekataza kutumia vya zamani."

Basi fundi akairudisha seva nzima kama ilivyokuwa mwezi uliopita. Ikawaka. Karani akatafuta jina, kisha akashusha sauti.

"Mzee wangu, humu mama bado yu hai."

Miaka yote nimezilaumu ofisi zetu kwa kukosea. Siku hiyo nilitamani ziwe sahihi.