Unyasi Hauna Upana

Watu husema hasira ni hasara. Mimi hasira yangu ilinipatia kazi, kwa hiyo msemo huo nawaachia wengine.

Kisa chenyewe ni kiatu. Kabla ya kiatu nilikuwa na miguu mizuri, mipana, vidole vimetawanyika kama vya bata, na nilikanyaga nayo kokoto za barabara ya Ruiru bila hata kukumbuka kwamba nina miguu. Nilikuwa na miaka kumi na minne baba aliponiletea viatu vyeusi kutoka Thika. Tangu hapo sikupata siku moja ya kukisahau kidole changu cha mwisho.

Tuliishi kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la kahawa, nje kidogo ya Ruiru. Tulitoka magharibi mwa nchi miaka ile ya hamsini, wakati Hali ya Hatari ilipokuwa imewaondoa Wakikuyu wengi mashambani na wazungu wakatafuta mikono mingine ya kuchuma. Baba alikuwa karani wa mizani. Wachumaji walipanga foleni mbele yake na kahawa yao, naye hakumwibia mtu wala hakumpendelea mtu, hata mama hakumpendelea. “Kipimo hakidanganyi,” alikuwa akisema, na watu walimheshimu kwa hilo. Mimi pia nilimheshimu, mpaka aliponipima mimi.

Jumapili baba alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu halikwenda ibadani kimyakimya. Tuliandamana kutoka kwenye laini, wawili wawili, kwa bendera na ngoma, tukipiga hatua kwa nguvu kwenye barabara ya murramu mpaka vumbi likatufika kiunoni. Familia ya mzee ilitangulia mbele ya ngoma. Kwa baba, familia hiyo kwenda peku kulikuwa sawa na Biblia isiyo na jalada.

Wazazi wengine walinunua viatu vikubwa, wakajaza matambara mbele, na mtoto akakua navyo. Baba yangu hakutaka hayo, maana kukisia si kupima. Alinikalisha kwenye kiti, akang'oa unyasi mrefu, akauweka chini ya wayo wangu kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole gumba, akaukata kwa ukucha. Akauhifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo usije ukapinda, akapanda lori la kahawa mpaka Thika. Huko, alivyotusimulia, Mhindi mwenye duka alitumbukiza unyasi kwenye kiatu kimoja baada ya kingine, mpaka akapata kilichoumeza bila kubaki wala kupungua. Baba alirudi akitabasamu, na hakuwa mtu wa kutabasamu ovyo.

Urefu ulikuwa sawa, siwezi kumsingizia. Lakini unyasi hauna upana. Tena alinipima nimekaa, mguu haujabeba mzigo wowote. Kiatu kile kilishonewa mguu uliolelewa ndani ya soksi tangu utotoni, na wangu ulikuwa umelelewa na ardhi. Niliusukuma ndani kwa mafuta ya kupikia. Ukaingia, na nikaandamana.

Baada ya miezi michache sugu iliota ubavuni mwa kidole cha mwisho, mguu wa kulia. Anayedhani sugu ni ngozi ngumu tu hajawahi kuwa nayo. Juu inaonekana kama punje ya mahindi, lakini ndani ina kiini kilichochongoka kama msumari, na kila hatua ni nyundo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nilimwambia baba kiatu kinaniuma. Akasema, “Mguu utazoea.” Viatu vilipokuwa vifupi akaninunulia vingine, kwa unyasi mwingine. Nikamwambia tena. Akasema mguu wangu unadeka.

Basi tukaanza dawa. Mama aliniloweka mguu kwenye maji moto ya chumvi, akausugua kwa gunzi la mahindi mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akapaka utomvu wa papai bichi. Akafunga kitunguu kilichokatwa, nikalala nanukia mchuzi. Akapaka mafuta ya mbarika, na hayo angalau yalilainisha. Alikata juu kwa wembe, na hapo nilipata nafuu ya siku nne, halafu Jumapili ikafika, nikavaa viatu, na punje ikarudi mahali pake. Baba kwa upande wake aliamini kuna mwiba uliobaki ndani tangu siku zangu za kwenda peku, yaani kosa lilikuwa la miguu mitupu na kiatu hakina hatia. Alichokonoa kwa sindano ya kushonea magunia. Alichokonoa kwa bidii, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na mwiba hakuuona kwa sababu haukuwako.

Nilivumilia hivyo mpaka nikafika miaka kumi na saba. Ndipo barua ikaja. Hospitali moja ya misheni upande wa Thika ilitaka wasichana wa kufundishwa uuguzi. Nilikuwa nimeomba kwa siri, kwa mkono wa mwalimu wangu. Barua ilisema nifike Jumatatu ya wiki ya tatu, nikiwa na viatu vinavyofunika vidole, na kwamba tutapitishwa wodini kutwa nzima ili sista mkuu aone nani anaweza kusimama. Niliisoma mara tatu. Upande mmoja palikuwa na maisha yangu, na upande wa pili kuchuma kahawa mpaka mgongo upinde. Katikati palikuwa na kidole kimoja.

Baba alifurahi kuliko mimi. Akasema sasa tuiondoe hiyo sugu moja kwa moja. Akaenda stoo ya dawa za kahawa, akarudi na mrututu, yale mawe ya buluu yanayoyeyushwa na kunyunyiziwa majani ya mikahawa. Akasaga kidogo, akachanganya na mafuta ya ng'ombe, akanifunga kwa kitambaa. Mama alisema, “Baba watoto, hiyo ni ya miti.” Akajibu kwamba kinachoua ugonjwa wa mti hakishindwi na ugonjwa wa kidole.

Kitambaa kilipofunguliwa asubuhi, ngozi nzima ya pembeni ilitoka nacho. Sugu ilibaki pale pale, katikati ya kidonda. Zilikuwa zimebaki siku saba.

Nilikwenda kuchuma nikichechemea, maana kwetu ugonjwa wa mguu haukuwa ugonjwa. Kwenye mstari wa pili alikuwepo mama mmoja Mkikuyu, aliyekuja kila asubuhi kutoka kijiji kipya walichohamishiwa, na kibali chake cha kutoka amekifunga kwenye pindo la leso. Aliniona nimevua kitambaa. Akaweka kikapu chini.

“Wewe kairetu,” akaniita msichana kwa Kikikuyu, “hiyo ni nini umefanya?”

Nikamweleza habari ya sugu, mwiba, sindano na mrututu. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

“Hakuna mwiba hapo. Hiyo ni kiatu. Weka dawa mpaka ya Nairobi, na kama kiatu iko, itarudi tu. Toa kiatu.”

“Siwezi kutoa kiatu, mama. Natakiwa nifike nacho.”

“Basi toa pahali inauma,” akasema, akaokota kikapu chake.

Nilisimama kati ya mikahawa, hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa moto. Miaka mitatu. Chumvi, gunzi, papai, wembe, sindano, sumu ya miti. Miaka mitatu mguu wangu ulishtakiwa, ukahukumiwa na kuadhibiwa, na hakuna hata siku moja mtu aliyegeuza macho kukitazama kiatu. Kiatu kilikuwa kimepimwa na karani wa mizani, nani angekitilia shaka?

Mama aliosha kidonda kwa maji ya chumvi kila jioni, na nilikwenda peku wiki nzima. Jumapili, saa moja kabla ya maandamano, nilichukua kisu cha jikoni, nikanoa kwenye jiwe, nikakata shimo ubavuni mwa kiatu cha kulia, pale pale kidole kinapokaa. Ngozi ilikuwa ngumu. Nilikata kwa raha, hilo sitalificha.

Niliandamana mbele ya ngoma na kidole changu kimechungulia nje, kimefungwa kitambaa cheupe. Sikuchechemea. Baba alikiona tulipofika kwenye daraja. Akaendelea kupiga hatua. Nyumbani alikiinua kile kiatu kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa.

“Viatu nilivyovipima kwa mkono wangu.”

“Ulipima unyasi, baba,” nikasema. “Hukunipima mimi.”

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo maishani. Alikiweka kiatu chini, akatoka nje, akakaa hadi chakula kikapoa. Mama hakutetea upande wowote. Alichukua mwavuli wetu mkuukuu, akakata kipande cha kitambaa chake cheusi, akakishona juu ya shimo kwa ulegevu, ili vidole vifunikwe kama barua ilivyotaka.

Jumatatu tulikuwa wasichana watano mbele ya sista, mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuamrisha. Tulibeba mabeseni, tukatandika vitanda, tukasimama. Kufikia saa tisa wawili walikuwa wakiegemea ukuta, na mmoja wao, mwenye viatu vizuri kuliko vyetu sote, alikuwa akilia kimyakimya. Sista alisimama mbele yangu, akatazama chini.

“Hii kiatu, nani nakata?”

“Mimi, sista. Kidole kilikuwa kinauma.”

Aliinama, akabonyeza kitambaa cha mwavuli kwa kidole chake. Akachukua karatasi, akaniambia nivue, nisimame juu yake, miguu yote miwili, uzito wote. Akazungushia penseli, mstari ukapotoka, akachukua karatasi nyingine akarudia. “Kiatu ya kazi nanunua na hii,” akasema. Hivyo ndivyo nilivyojua nimepata nafasi. Nilimwomba ile karatasi ya kwanza, nikaikunja, nikarudi nayo nyumbani.

Baba alikuwa mlangoni. Nilimpa habari, kisha nikaitandaza karatasi miguuni pake. Aliitazama muda mrefu, ule mguu wangu mpana uliochorwa, akafuata mstari kwa macho kama afuatavyo sindano ya mizani. Halafu akaketi, akafungua kamba, akavua kiatu chake cha kanisa.

Sijawahi kuona vidole kama vile. Sugu mbili mguu mmoja, moja juu ya nyingine, ngozi ya manjano kama kwato, na alama za zamani za wembe na za mrututu. Ule mwendo wake wa polepole mbele ya ngoma, ambao watu waliusifu kuwa ndio mwendo wa mzee wa kanisa, ulikuwa mwendo wa sugu. Alijua. Miaka yote niliyokuwa nikimwambia, alikuwa akijua jinsi inavyouma, na akaniambia mguu wangu unadeka.

“Kisu kiko wapi?” akauliza, bila kuniangalia.

Ningeweza kulia. Badala yake nilikasirika zaidi ya nilivyowahi kukasirika.

“Mguu utazoea, baba,” nikamwambia.

Nilimwacha na neno hilo, kiatu mkononi, mpaka chai ikachemka na kuiva. Kisha nikaenda jikoni, nikamletea kisu.